Mahari yangu yalikuwa shilingi ya vichwa viwili

Admin, nifiche jina. Wanangu wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, nakaa Likoni. Mume wangu amepooza, na mimi ndiye ninayemuuguza. Linaloniumiza ni la zamani, lakini limerudi.

Aliponichumbia, miaka ya themanini inakwisha, alikuwa kibarua kiwandani Changamwe. Marehemu babangu alitaka mahari ya maana. Akaja na shilingi moja ndani ya kitambaa, ina kichwa cha rais pande zote mbili. Akasema mtambo wa kutengeneza pesa ulikosea, yeye kaipata kwa baharia, na Wazungu huzinunua sarafu kama hizo kwa bei ya nyumba. Baba akaguna, "Mahari gani haya?" Nikajibu kutoka chumbani, "Nimeridhika, baba." Tukaozwa. Wallahi nilijiona malkia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini akaachishwa kazi, njaa ikaingia nyumbani. Nikamwambia tuiuze. Akang'aka, "Mahari yako hayaguswi!" Mimi nikadhani ni mapenzi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa karani kwenye duka la kompyuta mjini, enzi hizo intaneti ndiyo kwanza inaingia. Nikampelekea kimya kimya. Akaitoa picha kwa mashine, akaitia kwenye mnada wa mtandaoni, na watu wa ng'ambo wakaanza kupandishiana bei. Nilishaanza kuota mabati mapya. Kisha mnunuzi mmoja akaandika, mdogo wangu akanisomea.

"Dada, huyu asema tutazame ndani ya ukingo, pale picha inapoishia. Tukiona mstari umezunguka, basi imechongwa. Asema mtambo haukosei hivi kwa urahisi, za kughushi ndizo zimejaa minadani."

Tukaisogeza dirishani. Mstari ulikuwapo, mwembamba kama unywele. Tukaidondosha mezani pamoja na shilingi ya kawaida. Ile ya kawaida ililia vizuri, yangu ikatoa sauti ya kizibo cha soda. Mdogo wangu akaiondoa mnadani bila kunitazama usoni.

Nilimkuta mume wangu anatia udhu. Nikamwonyesha ule mstari, nikamwuliza, "Baharia yupi aliyekuuzia?"

Akabaki na maji kiganjani. "Hakuna baharia. Nilimpa fundi mmoja wa Magongo shilingi mbili, akazichonga, akaziunganisha. Sikuwa na kitu, mke wangu. Niliogopa babako atakuoza kwa mwengine. Nisamehe."

Jamani, sikulilia mali. Ningeipokea shilingi ya kawaida, nzima, kwa mikono miwili. Angeniambia tu! Badala yake aliharibu mbili za kweli anipe moja ya uongo, akaniacha niitetee kwa baba mpaka baba akaingia kaburini.

Hatukuachana. Nikamzalia, nikampikia, nikacheka naye hata. Lakini neno la msamaha halikunitoka, naye hakuliomba tena.

Sasa analiomba. Ulimi wake mzito, ila kila nikimgeuza kitandani hunishika mkono: "Niwie radhi, mama." Namfunika shuka, natoka nje nalia. Nikilitamka kwa mdomo mtupu, Mungu anajua moyo haumo. Nikinyamaza, huenda akaondoka hivi hivi, na bado nampenda.

Nyinyi mliowahi kuishi na mtu huku donge limewakaa kooni, nishaurini. Nimwambie nisichokihisi ili apumzike, au niungoje moyo wangu, nao hauna haraka? Nifanyeje mie?