Skonzi za Pasaka

Leo nimepita kwenye duka la mikate, na harufu ya hamira na ganda la limau ikanirudisha utotoni, jikoni kwetu mtaa wa Crescent Town, huko ughaibuni. Jirani yetu, bibi kutoka Slovenia, alikuwa akimfundisha mama kusokota skonzi tamu za Pasaka. Baba alikuwa hospitalini, akifanyiwa upasuaji. Mama alikanda kwa nguvu, macho kwenye simu.

Ilipolia, mikono yake ilikuwa imejaa unga, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza, kisha akainamia meza akilia.

“Ameamka,” aliniambia kwa Kiswahili. “Anaulizia chakula.”

Bibi hakuelewa. Alizima oveni, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kumwombea baba kama marehemu. Nikamvuta aproni.

“Bibi, baba ana njaa,” nikamwambia kwa Kiingereza.

Alinitazama kwanza, halafu akawasha oveni.