Kompyuta Iliyomtangulia Mwenyewe

Ofisini walimwita Jicho, na kila asubuhi utani ulimngoja mlangoni: "Huyo anakuja, ficheni hata mawazo!" Alikuwa fundi wa kompyuta wa bohari ya dawa. Kila mashine huweka kumbukumbu kimyakimya: nani kaifungua, lini, nani kakosea neno la siri. Kazi yake ilikuwa kuzisoma, na hakuipenda sana sifa iliyotokana nayo.

Wiki hiyo aliona jambo lililomkosesha raha. Kompyuta ya bibi karani, mkongwe kuliko wote, kila asubuhi ilifunguliwa kabla mwenyewe hajagusisha kadi yake getini.

"Kuna mwizi kajificha nyuma ya jina la bibi," meneja alisema alipoambiwa. "Nitafutie. Nitamfukuza siku hiyohiyo."

Kesho yake Jicho aliwahi, akajibanza nyuma ya makasha. Aliyeingia ni Pilipili, karani wa meza ya jirani, yule anayegombana na bibi kutwa. Akaenda kwenye mashine ya bibi, akaandika neno la siri bila kusita.

"Shikamoo, mzee. Hiyo si mashine yako."

"Marahaba... Ee, leo nimekwisha." Akaketi. "Macho ya bibi yanafifia, binti. Neno la siri linatokea vinukta vitupu, hajui kafika wapi. Akikosea sana mashine inamfungia nje, naye anakwenda kulia chooni. Nikimfungulia, anadhani jana alisahau kuizima."

"Neno lenyewe umelipata wapi?"

"Analitaja kwa sauti, herufi moja moja! Hata paka wa bohari analijua."

"Na ule ugomvi wenu?"

"Nikinyamaza atajua namhurumia."

Jicho akageuka, akajifanya anakagua nyaya. Kunyamaza kungesaidia nini? Kumbukumbu zingesema tena kesho. Akaenda kwa meneja, akamwaga yote.

"Mwizi hakuna, bosi. Ukimfukuza huyu, umemfukuza na bibi, maana hawezi kufungua mashine. Mnunulie kifaa cha kusoma alama ya kidole, afungue bila kuandika."

Meneja alijikuna kidevu weee. Mwishowe bibi akapata kifaa chake. Pilipili akapewa onyo na kuhamishiwa meza ya dirishani, ng'ambo ya chumba.

"Mzembe wee, umekimbilia upepo?" bibi anapaza sauti.

"Nimeukimbia mdomo wako!"

Siku hizi wanagombana kwa kelele zaidi, maana meza zimetengana. Jicho huacha mlango wake wazi, awasikie.