Majina Waliyoyapa Maumivu ya Karwitha

Karwitha alikuwa fundi wa kushona sare za shule pale Kutus, mwanamke wa maneno machache lakini ya kukata. Alizaliwa upande wa Meru, akaolewa na Njagi, mkulima wa mpunga, na tangu aje hapo hakuna aliyewahi kumsikia akiulalamikia mwili wake. Muriithi, mtoto wake wa kwanza, alimzaa mchana, na kabla jua halijatua alikuwa akiuliza kama vifungo vya mashati vimefika. Mtu wa namna hiyo akisema anaumwa, ungetegemea watu wavute viti wamsikilize.

Mimba ya pili ilikuwa imefika mwezi wa sita maumivu yalipomwanza. Yalianzia kitovuni, na uji wa asubuhi ukarudi wote. Kesho yake yakahama, yakapanda upande wa kulia karibu na mbavu, yakakaa hapo kama msumari. Akaacha cherehani, akavuka barabara hadi kliniki.

Mwenye kliniki aliitwa Gicheru, na kila mtu alimwita daktari. Alimtoa damu kidoleni, akaingia chumba cha nyuma, akarudi akitabasamu.

"Ni taifodi, mama. Imeanza tu, haijaenda mbali."

"Lakini daktari, hii iko na mahali moja. Ilianza kwa kitovu, sasa imehamia huku. Nikikohoa nasikia ni kama kitu inapasuka."

"Taifodi husumbua popote," alisema Gicheru, vidonge tayari viko mkononi.

Karwitha alivimeza kwa uaminifu. Maumivu hayakusikia dawa. Njagi alipomwona anatembea akiwa ameinama kama kikongwe, alimwomba jirani gari, wakaenda hospitali moja ya Kerugoya.

Huko muuguzi alimtupia jicho tumboni, si usoni. "Mama, mtoto anakua, lazima tumbo livutike. Hii ni mimba ya pili na bado hujazoea?" Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Karwitha alijaribu kusema kwamba mimba anaijua na hii siyo, lakini jina la anayefuata lilikuwa limeshaitwa.

Daktari kijana aliyemwona baadaye alifikiri ni figo, kwa kuwa maumivu yalikuwa juu. Akamlaza wodini, akamwekea dripu. Wakapiga picha ya tumbo pia, na majibu akampa Njagi, akimruka mwenye tumbo kana kwamba ni gunia.

"Kidole tumbo hakionekani kwa picha. Kwa hivyo si hicho."

"Mbona unamwambia yeye?" Karwitha aliuliza. "Tumbo ni langu. Hata hamjaniuliza iliniuma wapi kwanza."

"Tulia, Mama Muriithi," Njagi alimnong'oneza, na neno hilo likamuuma kuliko sindano.

Siku iliyofuata maumivu yalikatika ghafla. Wodi nzima ikafurahi. Daktari kijana akasema dawa imefanya kazi na ataruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini kabla ya chakula cha mchana yalirudi, na safari hii yalienea tumbo zima. Likawa gumu kama ubao.

Ndipo akaja daktari wa upasuaji, Miriti, mtu mzima wa kwao Meru. Aliketi kando ya kitanda na kumsalimu kwa Kimeru. "Nieleze tangu mwanzo," akasema. Karwitha alieleza, machozi yakimtoka kwa hasira. Miriti alibonyeza tumbo polepole, kisha akaondoa mkono mara moja. Karwitha alipiga yowe.

"Ni kidole tumbo," Miriti akasema. "Kimepasuka. Ndiyo maana ulipata nafuu ile. Tunakupasua sasa hivi."

Usaha ulikuwa umesambaa. Uchungu wa kuzaa ulitaka kuanza, ukazuiwa kwa dawa, na wiki chache baadaye akazaliwa mtoto wa kike, mdogo kama kinyunya, akalelewa kwenye mashine ya joto mpaka akaweza kunyonya. Aliishi.

Karwitha alipopata nguvu ya kuuliza, Miriti hakumficha. Mtoto akikua husukuma kidole tumbo juu, kikauma mahali ambapo hakuna anayekitafuta. Wajawazito wengi hutapika. Majibu ya damu yao hubadilika hata wakiwa wazima. Na picha isipokionyesha, hiyo si sababu ya kusema ni kizima. "Ni ugonjwa mgumu kuutambua, mama. Hata mimi umewahi kunipita."

"Ugumu naukubali," Karwitha alijibu. "Lakini kusikiliza pia ni kugumu?"



Kanisani walimzunguka kwa furaha. "Shukuru Mungu, wengine hawarudi," walimwambia, kila mmoja kwa zamu, mpaka akahisi wanamziba mdomo kwa shukrani. Alipopewa nafasi ya ushuhuda, alisimama na mtoto kifuani.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Na nimekasirika. Zote mbili ziko ndani yangu, na sitatoa moja ili nyingine ipate nafasi."

Mama mkwe alimvuta nguo aketi. Mtu akaanzisha wimbo haraka haraka.

Jumatatu Karwitha alivuka barabara. Wagonjwa walikuwa wakisubiri, na Gicheru alipomwona alisimama.

"Mama, kipimo kilisema taifodi."

"Kipimo hakina masikio, daktari. Wewe uko nayo. Na mikono uko nayo. Mbona hukunilaza pale ukanishika tumbo?"

Alielekeza kidole kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa. Kilikuwa kimejaa maboksi ya dawa mpaka karibu na dari. Wagonjwa wote wakageuka kukitazama.

Gicheru akaanza kuyashusha maboksi, moja baada ya jingine, bila kumwangalia mtu. Karwitha alisimama hapohapo mlangoni mpaka la mwisho likagusa sakafu. Hakumsaidia.