Kila Lori na Faili Lake

Wiki iliyopita nilisimama kaunta ya wakala wa forodha, Tunduma. Dereva Mzambia alikuwa na dawa za hospitali kwenye lori la jokofu, na mafuta ya jokofu yalikuwa yanakaribia kuisha. Mtaalamu wa kompyuta kutoka Dar alitikisa kichwa.

"Jedwali letu lina safu ya trela moja tu. Wewe una mbili, na hakuna safu ya joto la mzigo. Halitapokea."

Karani, binti wa wakulima wa kahawa wa Iyula, Mbozi, akavuta kiti. "Samahani, kaka. Nimetengeneza hifadhidata isiyo na jedwali. Kila lori lina faili lake, na faili linabeba chochote ambacho lori linacho."

Akaandika trela mbili, akaandika joto, akabonyeza. Karatasi za forodha zikatoka. Dereva akamshukuru kwa Kibemba huku akikimbilia lori.

"Umesomea wapi, dada?" mtaalamu akauliza.

"Hapa hapa, kwenye intaneti, kila nikimaliza kazi."

Tumezoea kungoja maarifa yashuke kwenye basi la Dar. Siku ile mtaalamu wa Dar alifungua daftari, akamwambia binti wa Mbozi, "Anza mwanzo, taratibu."