Viti vya Duara Kutoka Ulaya

Mume wangu aliponiambia watu wa kanisa watamlipia aende Ulaya kusomea kupatanisha watu, nilicheka mpaka nikakaa chini. "Amani nayo inasomwa?" Akajibu kwa ile sauti yake ya kwenye mahubiri, "Mama watoto, watu wanasomea hata nyuki." Haya, nenda.

Alikaa huko mwaka. Huku Msangano ujamaa ukatuhamishia kijijini, baba yangu na baba mkwe wakapewa mashamba yanayopakana. Wakaanza kugombea mpaka. Baba yangu, sauti kama debe linaloburutwa: "Hawaniachii hatua zangu tano? Ng'ombe wao wa mahari nawarudishia, binti yangu arudi nyumbani!" Mimi nina watoto wawili pale. Nililia.

Mume akarudi na koti la sufi, jua linawaka. Akapanga viti duara uani. "Kila mtu aseme huku anamtazama mwenzake usoni." Nami akanikalisha, tena nitazamane na baba yake!

Jamani, mimi ni mkwe, na kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani uso. Tangu niolewe, mzee yule akija njia hii, mimi naingia kwenye mahindi. Aliponiona akajifunika uso kwa kofia: "Ala! Mwanangu huyu amesahau alikozaliwa?" Mimi mbio, mpaka jikoni. Baba yangu anacheka tu: "Hiyo ndiyo shule ya Ulaya!"

Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Mume kasimama katikati ya viti kama kuku aliyenyeshewa. Nikawa na hamu ya kuona, sasa atafanyaje? Kajikuna kichwa, kisha akaanza kugeuza viti kimoja kimoja. Wazee wakakaa wamepeana migongo, mimi jikoni nasikiliza.

Kumbe bila kuonana mdomo unafunguka. Baba mkwe akasema polepole, "Nililima kupita alama. Nilijua."

Baba yangu akakohoa wee. "Basi nirudishie tatu. Mbili zibaki za wajukuu."

"Na mke wangu, baba?" mume akauliza. Koti lote limelowa jasho.

"Abaki hukohuko. Ila wewe usinipangie kiti tena."

Kesho yake wazee wakapanda ua wa minyaa mpakani, wao wawili. Niliwapelekea togwa, nikaiweka njiani, nikapiga kelele, "Iko hapo!" Nikakimbilia kwenye mahindi.