Garissa wakati wa shifta: nilitumwa kupima vitambi ili adui apatikane

Salaam wakuu. Salamu hii nimeiandika na kuifuta tangu asubuhi, maana sikuwa na hakika kama mtu aliyevuka themanini anaruhusiwa kuanzisha uzi kwenye jukwaa la afya. Potelea mbali. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Jana kijana mmoja humu ametufundisha kwamba mafuta ya tumbo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani tu. Zungusha kitovuni, soma namba, umejijua.

Mkuu, miaka ile ungekuwa Garissa ungepewa cheo.

Kenya ilikuwa imepata uhuru juzijuzi. Kaskazini Mashariki kulikuwa na vita: waliotaka jimbo lijiunge na Somalia walikuwa msituni na bunduki, wakiitwa shifta, na serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vyenye ua wa miiba na askari getini.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya lishe, shati jeupe, na woga wa kutosha ukoo mzima. Nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha aina hiyo, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ilikuwa kupima lishe ya wagonjwa, pamoja na mafuta ya tumbo.

Nilikuwa na vifaa viwili. Futi, na caliper, yaani kidude cha chuma kama koleo. Unabana ngozi pembeni ya kitovu, unasoma unene wa kilichobanwa. Futi inakwambia tumbo ni kubwa. Caliper inakwambia kama ukubwa huo ni mafuta.

Na mimi nilivyo, hata futi ilininyima raha. Nimpime mtu akiwa amevuta pumzi au ameitoa? Kabla ya chai au baada?

Halafu kuna macawis, kile kikoi cha wanaume wa Kisomali. Hufungwa kwa kuviringisha pindo kiunoni mpaka linanenepa kama mkate. Kumwambia mtu mzima afunue tumbo mbele ya foleni yenye wanawake ni kumdhalilisha. Basi futi ilipita juu ya pindo, na caliper ilibaki mezani. Kila mwanamume alitoka pale na kitambi cha kitambaa.

Sasa afisa wetu. Jina naliacha. Alikuwa mtu wa bara, na tumbo lake lilikuwa likitangulia kuingia mlangoni, yeye akifuata. Siku moja aliangalia vipimo vyangu, akapata nadharia.

"Mgao wa unga hapa ni mdogo," akasema. "Mwenye kitambi amekitoa wapi? Ana ngamia wa maziwa msituni. Nani anamchungia? Shifta. Kwisha maneno."

"Lakini bwana, tumbo linaweza kuwa..."

"Wewe pima. Kufikiri niachie mimi."

Wakuu, iliniuma. Kufikiri ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

Asubuhi moja akaja mfugaji aitwaye Dahir, mtu wa upande wa Hulugho, na dada yake Halima. Dahir alikuwa mgonjwa. Mikono kama vijiti, macho yamezama, homa haiishi, na tumbo limemtoka mbele. Afisa alikuwepo. Akachukua futi mwenyewe, akaizungusha juu ya macawis, akasoma kwa sauti kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Huyu anakunywa maziwa! Apande lori la mahabusu. Na ngamia wake wa hapa zizini wachukuliwe."

Lori la kwenda Modogashe lilikuwa getini, injini inanguruma. Mtu katika hali ile asingefika Modogashe akiwa hai. Nilijua. Pia nilijua kwamba nikimtetea nitaambiwa nami ni shifta. Na kama nimekosea? Na kama kweli ana ngamia msituni? Na kama mama akisikia nimefungwa? Nilisimama nikifikiri, na askari wakamshika Dahir mkono.

Halima ndiye aliyenigutusha. "We daktari, umekufa umesimama?"

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba futi haitoshi, tumbo libanwe kwa caliper, ngozi kavu bila nguo.

Dahir akakataa. "Wallahi sifungui nguo mbele ya watu. Bora lori."

Halima akamgeukia afisa. "Kwetu kesi hufanywa sawa kwa sawa. Anayeshtaki anasimama pale pale anaposimama mshtakiwa. Ndugu yangu atafungua. Wewe fungua kwanza."

"Mimi sina la kuficha," afisa akasema. "Hii ni misuli. Nimecheza ndondi."

"Basi tuone hiyo ndondi, adeer."

Foleni ikaguna. Kuitwa adeer, yaani ami, kwa sauti ile, kulimfanya afungue vifungo kwa hasira. Nikambana pembeni ya kitovu. Koleo lilipanuka mpaka mwisho wake na nyama bado ilikuwa inadai nafasi.

Wanawake wakageuka ukutani, wakampa Dahir heshima yake. Akafunua. Nikabana. Nilishika ngozi tupu, nyembamba kama karatasi. Nikapapasa chini ya mbavu za kushoto: gumu, lenye ukingo. Bandama. Ilikuwa kalazar, ugonjwa unaoletwa na usubi, na kule haukuwa mgeni.

"Si mafuta, bwana," nikasema. "Ni bandama iliyovimba. Mafuta yako..."

Halima akaimalizia sentensi yangu. "Kwa futi yake, shifta mkubwa hapa ni nani?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikafika kwa askari. Afisa akafunga vifungo, akakosea kimoja, akasema mgonjwa abaki, chombo changu ni kibovu.

Dahir akabaki. Ngamia walichukuliwa palepale. Wao hakuna aliyewapima chochote.

Tulimchoma sindano wiki nyingi. Homa ikaisha, tumbo likarudi ndani, akaanza kutembea mwenyewe mpaka getini. Afisa akamwona siku moja akipita, mwembamba, amenyooka. Akanishika bega, ameridhika kabisa.

"Unaona? Tumechukua ngamia, kitambi kimeisha. Nilikwambia ni maziwa."

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba aliyekuja na jibu lake mfukoni ukimpa kipimo kizuri atakitumia kulithibitisha. Hata uponyaji wa mgonjwa atauchukua. Kwa hiyo mtetee mwenzako mapema, kabla lori halijawashwa, hata kama sauti inatetemeka.

Wenye vipimo vyenu, na mliowahi kusomewa kesi na tumbo lenu wenyewe, uwanja ni wenu. Mnitukane taratibu, huwa nasoma kila jibu mara nyingi.