Mwanakheir na Mabano Mawili

Mwanakheir binti Borafya alisoma mpaka darasa la sita, kisha akaozwa. Mumewe, Msabah, alikuwa karani katika afisi moja ya serikali huko mtaa wa Malindi, mtu mpole, mwenye hati nzuri ya mkono, na hamu yake kubwa duniani ilikuwa kupasi mtihani wa sekondari aliokuwa akiusomea kwa posta. Masomo mengine aliyamudu. Aljebra ndiyo iliyomkaba koo. Mwaka wa hamsini na nne alianguka, na wa hamsini na tano akaanguka tena.

Kila alasiri walikaa ukumbini, nyumbani kwao Mkunazini, mume na daftari lake, mke na kofia anayoishona. Msabah alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti, na hivyo Mwanakheir, bila ya kukusudia, akarudi darasani. Akajua kuwa eksi ni namba ambayo bado haijajulikana. Kuwa eksi mara eksi ni eksi ya kipeo cha pili. Kuwa vitu hivyo vikiungwa pamoja kwa kujumlisha na kutoa, kitabu huviita polinomia. Sindano ilikwenda, na kichwani mwake mambo yakajipanga yenyewe.

Kilichomshinda Msabah ni kuzidisha mabano mawili. Bano la kwanza lina eksi kujumlisha tatu, la pili lina eksi kujumlisha mbili. Yeye huzidisha eksi kwa eksi, na tatu kwa mbili, akaandika: eksi ya kipeo cha pili, kujumlisha sita. Daftari likarudi limejaa wino mwekundu, naye akakosea vile vile. Mwanakheir aliliona kosa. Alikaa nalo moyoni miezi, maana hakujua mke humwambiaje mumewe jambo kama hilo.

Siku moja akaja Jaku, karani mwenziwe Msabah, naye akisoma masomo hayo hayo. Wakakwama wote wawili.

"Kitabu kinasema katikati pana eksi tano," alisema Msabah. "Zinatoka wapi?"

Ulimi ukamponyoka Mwanakheir. "Bwana, hawajapeana mikono wote."

"Nani hao?"

"Waliomo ndani ya mabano. Wageni wawili wakiingia nyumba yenye watu wawili, kila mgeni humpa mkono kila mwenyeji. Mikono minne hiyo, si miwili. Eksi umeikutanisha na eksi, ukaisahau mbili. Tatu umeikutanisha na mbili, ukaisahau eksi. Eksi mbili na eksi tatu, ndizo hizo tano."

Mwanakheir akaona bora amalize. "Kama huamini, fanya eksi ni kumi. Kumi na tatu mara kumi na mbili ni mia na hamsini na sita. Jawabu lako linatoa mia na sita tu."

Jaku akapiga makofi. "Wallahi Msabah, mtihani mpeleke shemegi!"

Msabah akacheka pia, lakini huku analifunga daftari. Hakulifungua tena siku ile, wala ya pili yake. Wiki haikumalizika, vitabu vyote vikahamia kwa Jaku.

Mwanakheir alimfuata mumewe chumbani. "Nisamehe. Nlitaka kukusaidia tu."

"Hujanikosea kitu," alisema Msabah, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Nshachoka na masomo."

Angalimgombeza, Mwanakheir angaliona nafuu. Msabah hakulipeleka tena jina lake kwenye mtihani. Jaku alipasi mwaka uliofuata, akapandishwa cheo, naye Msabah akaenda kumpa hongera kwa moyo safi. Alasiri ukumbini zikawa za kimya. Walizungumza samaki wa Darajani na chumvi iliyokwisha. Hapakuwa na ugomvi wala tusi. Mume hakusoma tena kwa sauti, basi. Mwanakheir alishona kofia nyingi miaka hiyo.

Mwaka wa hamsini na tisa Msabah aliugua kifua, akafariki kabla ya kutimiza miaka arubaini. Mjane akakaa eda. Jirani yake, Bi Kidawa, alikuwa akija kila asubuhi kumtazama, na ni yeye peke yake aliyesimuliwa habari ya mabano.

"Ungelijua yatakuwa hivyo, mwanangu," aliuliza Bi Kidawa, "ungelinyamaza?"



"Ningelinyamaza, Bi Kidawa," alisema Mwanakheir. "Na yeye angelianguka mara ya tatu, nami nimekaa pembeni najua." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Sijui ipi ingeliniuma zaidi."

Bi Kidawa akamsogelea, wakakaa pamoja mpaka adhana ya adhuhuri.